Kidole Nilichomtikisia Mtoto wa Wifi

Wifi yangu hakuwahi kukanyaga ule ukumbi wa Mlabani mpaka siku aliyokuja kunirekodi.

Nafundisha michezo katika shule moja ya sekondari hapa Ifakara, na jioni, katika ukumbi huo, nafundisha mchezo wa vitara, ule wa watu wawili wenye nguo nyeupe na kofia za wavu wanaochomana kwa vyuma vyembamba. Nilijifunza mchezo huo chuo cha ualimu, kwa mkufunzi mmoja aliyekuwa na begi la vifaa chakavu, na aliyekuwa tayari kumfundisha mtu yeyote anayekubali kupigwa. Alipostaafu aliniachia begi lile. Nilipoanza huku niliutangaza kwa jina lake la Kiingereza, fensi, na wazazi wawili wakaja kuniuliza kama shule inajenga uzio na kama tunahitaji nguzo.

Aliyenisaidia kuusimamisha ni mume wangu. Alikuwa fundi umeme. Alitengeneza kisanduku cha taa mbili, nyekundu na kijani, akavuta waya mpaka kwenye ncha za vitara, ili mchezaji akimgusa mwenzake kifuani au tumboni taa yake iwake. Kila Jumamosi alikuja na bisibisi mfukoni akakaa pembeni kusubiri kitu kiharibike. Mpwa wake, binti wa dada yake, alikuwa miongoni mwa wanafunzi wangu wa kwanza, na yeye alipenda waya kama alivyopenda kupigana. Walikaa wote wawili chini sakafuni wanakwangua kutu, mjomba na mpwa, wanabishana kuhusu mpira.

Halafu mume wangu akaugua, na wiki chache tu baadaye tukamzika.

Wifi alikuwa dada yake mkubwa. Mama yao alifariki wakiwa wadogo, na yeye ndiye aliyembeba mgongoni, akampikia, akamsomesha kwa vibarua vya kupandikiza mpunga. Hilo nalijua, na sijawahi kulikana. Ila siku ya kuanua matanga alisimama mbele ya watu waliokuwa bado wanakula, akasema kwa sauti ya kutosha kufika barabarani, "Nimemlea mdogo wangu mpaka amejenga. Leo mtu wa kuja ndiye ameshika funguo."

Mtu wa kuja ni mimi. Baba yangu alihamia kijiji cha Mbingu na ng'ombe wake kutoka kanda ya ziwa, mimi nikiwa mgongoni kwa mama. Nimesoma huku, nimeolewa huku, nimezaa huku, na nyumba ile ya Lipangalala nimeichanganyia zege kwa mikono yangu. Siku ile sikumjibu, maana nilikuwa nimefiwa. Lakini tangu siku ile kila nilipomwambia "Shikamoo, wifi", aliitikia huku anaangalia pembeni, na baadaye akaacha kuitikia kabisa. Na mimi nikaacha kumwamkia. Akapita kwa ndugu mmoja mmoja akiwaambia nyumba irudi kwenye ukoo, mimi nirudi kwa baba yangu kuchunga.

Binti yake aliendelea kuja mazoezini. Mama yake alimkataza kufika nyumbani kwangu, ukumbini hakumkataza, labda kwa sababu hakujua ukumbini kuna nini. Alikuwa na miaka kama kumi na saba, mrefu, mwenye hasira za karibu, na miguu ya haraka kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha. Aliniita anti, kama zamani. Tatizo lake lilikuwa moja: alikimbilia mbele huku mkono umekunjwa.

Mchezo wenyewe uko hivi. Taa yako ikiwaka peke yake, pointi ni yako. Ugumu ni pale taa zote mbili zinapowaka pamoja, na kwa wachezaji wazuri hilo hutokea mara nyingi. Hapo pointi anapewa mmoja, yule aliyekuwa na haki ya kushambulia, maana yake aliyetangulia kunyoosha mkono wenye kitara kumwelekea mwenzake. Anayekuja mbio na mkono umekunjwa bado hajashambulia. Anatembea tu, hata akitembea kwa kasi ya bodaboda. Refa ndiye anayeamua, na hueleza uamuzi wake kwa mikono ili ukumbi mzima uone sababu. Mkono wa upande wa kulia ukinyooka, shambulio ni la kulia. Mkono ukipita mbele ya kifua, shambulio limezuiwa. Kidole cha shahada kikitikiswa, hicho ulichodhani ni shambulio hakikuwepo. Mwisho mkono hupanda juu, kiwiko kimekunjwa, upande wa aliyepata. Asiyejua huona mwalimu anayepunga hewa. Anayejua huona hukumu na sababu zake.

Nilimwambia yule binti mara nyingi, "Nyoosha kwanza, halafu kimbia." Alisema, "Sawa, anti," akakimbia kwanza.

Siku ya mashindano ilikuja timu kutoka Morogoro mjini na kocha wao. Refa tuliyemtegemea alikwama njiani na gari, mvua zikiwa zimeharibu barabara. Fainali ya wasichana ikawa kati ya mpwa wa marehemu mume wangu na binti mmoja mfupi wa Morogoro, mtulivu kama anasubiri zamu ya kuteka maji. Nilimwomba kocha wao achezeshe. Akacheka. "Dada, huyu ni mwanafunzi wangu. Nikimpa pointi, watu wa kwenu watanitoa salama humu?"

"Na yule ni mtoto wa wifi yangu," nikamwambia.

"Basi wewe una sababu mbili za kuwa makini. Chezesha."

Ukumbi ulijaa. Kabla ya kuanza nilisimama katikati nikawaonyesha watu ishara, moja baada ya nyingine, na watoto wa benchi la mbele wakaziiga huku wanacheka. Wifi hakuwepo wakati huo. Aliingia mchezo ukiwa katikati, amevaa kitenge kipya, akapita mbele ya watu wote mpaka benchi la kwanza. Akainua simu yake. Nilidhani anamrekodi mwanawe.

Walikuwa wanafukuzana kwa pointi, huyu akipata, yule anapata. Kisha taa zikaanza kuwaka mbili mbili. Binti yetu anakuja kama moto, mkono umekunjwa ubavuni. Yule mfupi anamsubiri, ananyoosha mkono tu, na wote wanagusana. Nyekundu na kijani. Nikasema, "Simama!" Nikamtikisia kidole yule wa kwetu, yaani shambulio lake halikuwepo, nikanyoosha mkono upande wa Morogoro, nikainua. Pointi ya Morogoro.

Ikatokea tena. Kidole, mkono, pointi.

Mara ya tatu nilisikia sauti ya wifi nyuma ya sikio langu. "Unamtikisia nani kidole? Wewe! Unamtikisia kidole mtoto wa nani?"

Watu wakageuka. Mwalimu mwenzangu aliyekuwa mlangoni akamnong'oneza akae. Akakaa. Nikaendelea. Binti yetu alijirekebisha akapata mbili safi, moja kwa kuzuia na kujibu ambayo sijamwona tena mtu wa Ifakara akiifanya vizuri vile. Nilipitisha mkono mbele ya kifua, nikanyoosha upande wake, nikainua. Watu walipiga kelele mpaka mabati yakatetemeka. Wifi hakupiga makofi. Alikuwa ameishikilia simu, imenielekea mimi.

Wakawa sawa, imebaki pointi moja ya kumaliza.

Nikasema, "Tayari? Anza!" Wote wawili wakatoka kwa pamoja. Binti yetu mkono wake ulikuwa unafunguka, safari hii kweli ulikuwa unafunguka, na yule mfupi wake ulikuwa umeshanyooka. Ndivyo nilivyoona. Taa mbili. Nilijua kila mtu wa Lipangalala aliyekuwa mle ndani anaijua habari ya nyumba na funguo, na kwamba popote mkono wangu utakapokwenda utasomwa kwa habari hiyo. Nikipa huku, namwogopa wifi. Nikipa kule, namkomoa.

Nikamtikisia kidole. Nikainua mkono upande wa Morogoro.

Binti alivua kofia yake ya wavu akaniangalia. Alimpa mwenzake mkono, akanipa na mimi, kwa sababu sheria inalazimisha.

Wifi ndiye aliyesema. Alivuka mstari wa chaki akasimama mbele yangu, watoto wakiwa katikati yetu. "Mkono huohuo," alisema, "mkono huohuo ulioshika funguo za mdogo wangu! Umemchukua yeye, umechukua nyumba, sasa umebakiza huyu!"

"Wifi, toka kwenye uwanja."

"Mimi si wifi yako. Wifi yako alikufa na mume wako."

"Basi wewe ambaye si wifi yangu, toka kwenye uwanja."

Walimtoa wanaume wawili, kwa upole, na yeye akatoka akiwa bado anarekodi.

Nilidhani yameishia hapo. Wiki iliyofuata baba mdogo wa marehemu, niliyekuwa namwita baba, alinipigia simu. Kuna kikao cha ukoo, Jumapili baada ya ibada, na kitafanyikia nyumbani kwangu. Hakusema kwa nini. Nikampigia kaka yangu wa Mbingu aje, nisikae peke yangu upande wangu. Alikuja asubuhi na pikipiki, akaketi sebuleni na koti lake, akasema tu, "Wakianza matusi tunaondoka." Nikamwambia, "Kwenda wapi? Hapa ni kwangu."

Walikuja watu sita. Wifi alikaa kwenye kochi alilolipenda mdogo wake. Baba alikuwa na haraka, ana mgonjwa nyumbani, na masikio yake hayako vizuri. Alifungua kwa sala fupi, akamwambia wifi aeleze.

Wifi alisimama. Alieleza kwamba mimi nina chuki na damu ya ukoo ule, kwamba chuki hiyo nimeionyesha hadharani, mbele ya wageni kutoka mkoani, na kwamba mtu mwenye chuki na damu hawezi kukaa kwenye nyumba ya damu. Kisha akaigiza. Nilishangaa alivyopatia kuniiga. "Alifanya hivi," akatikisa kidole. "Halafu hivi, kama anafukuza kuku. Halafu hivi, kwa yule wa Morogoro, kama anamwita aje kula." Alizijua ishara zangu zote. Alikuwa ameziangalia siku nyingi kwenye simu, nadhani, usiku na mchana, na kila moja ameipa maana yake.

"Ushahidi ninao," akasema, akampa baba simu.

Tuliinama wote kuangalia. Ilikuwa video ndefu. Nilikuwemo mimi, tangu alipoingia mpaka alipotolewa. Uso wangu, mikono yangu, kidole changu kikiwa kikubwa kimejaa kioo. Wachezaji hawakuonekana. Mara mojamoja ncha ya kitara ilipita pembeni, au kisigino cheupe. Taa hazikuonekana kabisa. Ungeangalia ile video bila kuambiwa, ungesema ni mwanamke aliyepagawa.

"Haya eleza," baba akaniambia. "Hiki kidole ni cha nini?"

Nikasimama sebuleni kwangu, mbele ya ukoo wa mume wangu, nikafundisha ishara za refa. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba sauti ilikuwa inakwaruza, lakini nilifundisha. Nilichukua mwiko jikoni nikampa kaka yangu, nikachukua mwingine mimi. Nikamwambia anijie mbio amekunja mkono. Akanijia, na koti lake. Nikanyoosha mwiko ukamgusa tumboni, na wa kwake ukanigusa kifuani. "Hapa taa zote mbili zinawaka. Nani alitangulia kunyoosha?"

"Wewe," alisema mmoja wa mashangazi, kabla hajajizuia.

"Basi refa anamtikisia huyu kidole, maana yake hujashambulia, na mkono unapanda kwangu. Hakuna tusi hapo."

"Na huku kufukuza kuku?" baba akauliza.

"Ni kuzuia. Na siku ile hiyo ishara nilimpa mtoto wenu, pointi ikawa yake. Rudisheni video muone mkono ulipanda wapi."

Wakarudisha. Mkono ulipanda upande wa kwetu. Wifi akasema, "Anadanganya, anaweza kusema chochote, nani anajua mambo hayo? Muulizeni mtoto."

Mtoto alikuwa nje, amekaa kwenye ngazi. Walimwita. Aliingia akawaamkia wote kwa heshima, na mimi pia, akasimama karibu na mlango.

"Anti yako alikuonea?" baba akamuuliza.

Nilimwona mama yake anamkazia macho, na mimi nadhani nilikuwa namkazia vilevile.

"Zile za mwanzo alipatia," alisema. "Mimi nilikunja mkono. Ila ya mwisho ilikuwa yangu."

"Umesikia!" wifi akaruka.

"Sijasema alinionea, mama. Nimesema ilikuwa yangu."

Baba alikuwa amechoka. Aliichukua simu tena, akaisogeza karibu na macho, akamgeukia wifi. "Mtoto wako yuko wapi humu?"

"Hayupo. Nilikuwa namrekodi huyu."

"Yaani mtoto anacheza fainali, na wewe hujamwangalia?"

Nilitaka kufurahi, na kwa kweli nilifurahi kidogo, mpaka nilipomwona binti anaangalia sakafu. Hakuwa amejua. Alikuwa anadhani mama yake ana video yake.

Kuhusu nyumba, baba alisema ina mtoto wa marehemu ndani, kijana wangu wa darasa la tatu, na mtoto hafukuzwi na kikao. Akasema hataki kusikia habari hiyo tena mpaka mtoto akue. Akavaa kofia yake akaondoka bila kunywa chai. Wifi alipofika mlangoni nilimwambia, mbele ya wote, "Ukumbini usije tena. Ukija, utakaa nje ya mlango." Kaka yangu alinishika mkono nisiendelee. Wifi alinijibu kwa lugha ya kwao, na mimi naielewa vizuri, na sitaiandika.

Yule binti alikuja mazoezini Jumanne iliyofuata. Nilidhani amekuja kuomba msamaha. Alivaa, akasimama kwenye mstari, akasema, "Anti, tuirudie ile ya mwisho polepole."

Tukairudia. Mimi nikawa yule wa Morogoro. Alisogea kama alivyosogea siku ile, akasimama katikati ya mwendo. "Hapa. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kunyooka."

"Umeanza. Haujanyooka. Wake ulikuwa umenyooka."

"Sheria inasema anayenyoosha, anti. Haisemi aliyenyoosha akamaliza. Wewe ndiye ulinifundisha."

Hilo ni kweli, sheria ndivyo inavyosema, na marefa wanabishana juu ya neno hilo dunia nzima. Nilimwambia yule mwingine alianza kabla yake. Akaniambia hakuanza. Nikamwambia mimi ndiye niliyekuwa refa. Akasema, "Najua," akavua kofia ya wavu, akaiweka kwenye begi taratibu kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Alipomaliza shule alikwenda chuo Morogoro, na huko akajiunga na kocha yuleyule, akawa anafanya mazoezi na binti yuleyule mfupi aliyemshinda. Hiyo iliniuma kuliko kikao.

Mimi na wifi tunakutana misibani. Kwenye mkeka mmoja hatukai, na akiingia jikoni kukatakata vitunguu mimi natoka kuosha vyombo. Watu wameshazoea, wanatupangia kazi mbalimbali.

Likizo iliyopita binti alirudi. Sasa ana cheti cha refa, amekipata kabla sijajua kama anakisomea. Tulikuwa na mechi za ndani, akaomba achezeshe, nikakubali kwa sababu nilikuwa na wanafunzi wengi na nilitaka kukaa benchi nimwelekeze mmoja ninayemtegemea. Anachezesha vizuri. Mikono yake iko wazi kuliko yangu, haina haraka, hata bibi wa benchi la nyuma angeielewa. Taa mbili zikawaka. Alimtikisia kidole mwanafunzi wangu, akanyoosha mkono upande wa pili, akainua.

Nikasimama. "Wa kwangu ndiye alianza!"

"Kocha, kaa."

"Angalia mkono wake, ulikuwa umeshafunguka!"

Alinigeukia. Hakuniita anti. Alitoa kadi ya njano kwenye mfuko wa suruali, akainyanyua mbele ya uso wangu, akahakikisha nimeiona na benchi zote zimeiona, kisha akaandika kwenye karatasi yake na kuwaambia wachezaji warudi kwenye mistari.

Nilikaa. Alikuwa na haki ya kunipa kadi, maana kocha haruhusiwi kupiga kelele vile. Lakini ile pointi ilikuwa ya mwanafunzi wangu. Nilimwambia hivyo tulipokuwa tunakunja waya, naye akasema aliona alichokiona. Tukamaliza kukunja, kila mmoja akaenda njia yake.